Utalala Wapi Rubondo?

Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unataka kwenda Rubondo, hakuulizi utaona wanyama gani. Anakuuliza: "Utalala wapi?" Nimeulizwa hivyo Mwaloni Kirumba na wauza dagaa, nimeulizwa kijiweni na washikaji ambao hawajavuka hata kwenda Saanane, nimeulizwa na mama yangu mzazi, ambaye kwake kulala kisiwani na kulala juu ya maji ni kitu kimoja. Mwanzoni nilidhani ni swali la pesa. Na kweli ni la pesa, tusidanganyane; kijana asiye na kazi ya kudumu hawezi kuzungumzia safari bila kuzungumzia kitanda. Lakini baada ya kwenda na kurudi nimeona swali lenyewe lina mizizi mirefu kuliko mfuko wangu.

Rubondo ni kisiwa kilichoko pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Viktoria, upande wa Chato na Geita. Ukisikia hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 456 na ushei, usidhani zote ni ardhi. Nchi kavu ni kama 240 hivi, mengine yote ni maji. Kisiwa ni kirefu na chembamba, msitu umekifunika, na pembeni yake viko visiwa vidogo vidogo kama vifaranga. Hakuna kijiji. Hakuna gulio, hakuna mama ntilie, hakuna gesti yenye taa nyekundu mlangoni na daftari la wageni lililochanika jalada. Walioko ni watumishi wa hifadhi pale Kageye, wageni wachache na wanyama. Kila binadamu anayefumba macho usiku mahali pale, amepewa ruhusa ya kuyafumba pale.

Hesabu ya safari tuliifanyia kijiweni, na ndugu msomaji unajua hesabu za kijiweni zilivyo: kila mtu mhasibu. Mshikaji wangu, ambaye ndiye aliyenivuta katika safari hii kwa sababu nitakazozieleza, alishikilia kwamba tulale bara. Pale Muganza gesti zipo, bei poa, kuna runinga, kuna wali na samaki hadi saa nne usiku. Asubuhi tunakodi boti, tunashinda kisiwani, jioni tunarudi kula. Mwingine akatoa simu yake na kutuonyesha picha za kambi ya kitalii iliyoko hukohuko kisiwani: vyumba vya miti na mawe, vitanda vyeupe kama mayai ya bata, kochi limetazama ziwa. Bei imeandikwa kwa dola. Tukacheka mpaka muuza kahawa akageuka. Sina ugomvi na kambi ile. Anayeweza na alale, na mishahara ya watu inapatikana humo. Ninachosema ni kwamba picha zake ndizo zinazosambaa kuliko nyingine, na kijana wa Nyamagana akiziona anajua papo hapo kwamba Rubondo si mahali pake, anafunga mjadala na kurudi kwenye draftsi.

Wachache wanajua kwamba hifadhi yenyewe ina mabanda yake Kageye, na sehemu ya kupiga hema, na kwamba Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Unabeba chakula chako, unapika mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa mabanda tangu mwanzo. Kwanza kwa ajili ya boti. Boti hukodiwa lote, hata mkiwa wawili mnalipia viti vyote, na hiyo ndiyo inayokula njuluku kuliko kitanda. Anayelala bara siku tatu anavuka maji mara sita. Anayelala kisiwani anavuka mara mbili tu.

Hoja hii ya kuvuka ndiyo iliyomlainisha mama. Sisi watoto wa kanda ya ziwa tumekua na hofu ya maji ambayo watu wa bara hawaielewi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu kuingia Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka watu wakiiona kutoka gatini Ukara. Hakuna mtaa katika jiji letu usiokuwa na jina moja au mawili kutoka katika orodha hizo. Kwa hiyo mama alipopiga hesabu ya mara sita na mara mbili, akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na chandarua. "Basi laleni hukohuko," akasema.

Mshikaji hakulainika upesi hivyo. Sababu yake hakuitoa kijiweni. Aliitoa ndani ya basi, tumekwisha pita daraja la Kigongo na Busisi. (Hapo zamani ungesubiri kivuko ukila mahindi ya kuchoma, tangu Juni 2025 unapita juu kwa juu, kilomita kama 3 za maji chini yako, na mahindi umeyakosa.) Alisema bibi yake, mama wa baba yake, alizaliwa Rubondo.

Nikamwangalia. Miaka yote hiyo ya kukaa dawati moja na kijiwe kimoja, hakuwahi kusema.

"Ningesemaje?" akaniuliza. "Watu wakisikia Rubondo wanafikiria sokwe."

Bibi huyo anaishi katika kijiji cha wavuvi si mbali na Muganza. Tulifika kwake jioni, tumechakaa kwa vumbi baada ya kushuka kwenye lami. Tukaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akatutazama mabegi, kisha akatuuliza lile swali, neno kwa neno kama wanavyouliza Kirumba. Mshikaji akajibu kwamba usiku ule tutalala pale pale kwake kama atatukubalia, na kesho yake tutalala kisiwani, kwenye mabanda ya serikali.

"Mnalipa?"

"Tunalipa bibi. Si nyingi."

Bibi hakusema kitu. Aliendelea kugeuza dagaa juu ya turubai. Baadaye, tumekwisha kula ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, ndipo alipoanza kusema, na hakuzungumza kama mtu anayelalamika. Alizungumza kama mtu anayeelekeza njia. Alisema nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na maji, migomba nyuma yake, na kwamba yeye alikuwa msichana wa kuchota maji tu wakati walipoambiwa wahame. Kitu alichokumbuka kuliko vyote kilikuwa viboko. Usiku viboko walitoka majini kuja kula shambani, na baba yake alilala na debe tupu na fimbo karibu na kichwa. Akisikia majani yanakatwa huko nje, anaamka na kulipiga debe. Watoto wakajifunza kulala katikati ya kelele za debe. Walipohamia bara, alisema, usiku wa kwanza hakupata usingizi kwa sababu ya ukimya.

Tuliposema aje pamoja nasi, nafasi kwenye boti ipo, alicheka.

"Nikalale banda la kulipia kwenye kiwanja cha baba yangu?"

Tulilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, chandarua cha mama juu yetu. Miguu ya mshikaji ilikuwa usoni kwangu na sikupata nafasi ya kulalamika kwa sababu alikuwa macho, najua alikuwa macho, na si jambo jema kumlalamikia mtu miguu usiku kama ule.

Hebu niiseme historia kwa ufupi, maana vitabu vya shule vinaipita mbio. Mwaka 1965 Rubondo ilifanywa pori la akiba. Watu mia kadhaa waliokuwa wakiishi humo kwa uvuvi na kilimo wakahamishwa, baadhi kwenda visiwa vya jirani, baadhi bara. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Katikati ya miaka hiyo kisiwa kikapokea wakazi wapya. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa humo sokwe wasiofika 20, kazi iliyosimamiwa na Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Sokwe wenyewe walitoka katika bustani za Ulaya. Wengi walikuwa wamekamatwa Afrika ya Magharibi wakiwa wachanga. Twiga nao wakaletwa, tembo wakaletwa, faru wakaletwa (hao hawakudumu, majangili waliwahi). Nzohe, yaani yule swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu, yeye ni mwenyeji. Na kiboko, mamba, pongo, fisi maji na tumbili nao ni wenyeji. Simba hakuna, chui hakuna.

Ukiitazama orodha hiyo unapata kizunguzungu kidogo. Wageni wamekuwa wenyeji, wenyeji wamekuwa wageni, na huyo Profesa aliyepanga vyumba, mauti yalipomfika mwaka 1987, majivu yake yakaletwa Tanzania kuzikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, karibu na mwanawe. Yeye amepata pa kulala.

Asubuhi tulikwenda Kasenda, bandari ndogo iliyo dakika chache tu kutoka Muganza. Kwa msomaji atakayefuata nyayo: kuna njia ya pili, ya kupitia Nkome upande wa Geita, lakini hiyo ni safari ya maji ya karibu saa mbili hadi Kageye. Kasenda ni dakika ishirini au thelathini. Tulivaa majaketi ya kuokolea, bibi alikuwa ametupa kikapu cha ndizi mbichi na mihogo, tukawa na unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, vitunguu na viberiti. Mwenye mashine alikuwa kijana wa rika letu. Nilimuuliza yeye amewahi kulala kisiwani. Akasema hapana, lakini ndugu yake amewahi kulala rumande kwa sababu ya kisiwa.

Hilo nalo lazima liseme neno lake. Maji yanayokizunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, na kuvua humo ni kosa. Ni mazalia ya samaki, na mimi kwa akili zangu naona ni jambo la maana, kwa kuwa ziwa limechoka. Sangara mwenyewe, ambaye watu wanamvua leo kama wa asili, aliletwa miaka ya 1950 na samaki wengi wadogo wa asili wametoweka tangu hapo. Pasipokuwa na mahali samaki anapolala kwa amani hatutakuwa na cha kuanika Mwaloni. Lakini maji hayana ukuta. Mvuvi akisinzia na upepo ukimsukuma, anaamkia ndani ya mpaka. Na huyohuyo mvuvi anajua kwamba mtalii mwenye kibali anaruhusiwa kuvua sangara kwa ndoano kwa ajili ya kujifurahisha, akampiga picha na kumrudisha majini. Jaribu kumweleza kijana mwenye watoto wanne kwa nini samaki wa kurudishwa anaruhusiwa na samaki wa kuliwa haruhusiwi. Sababu zipo, na ni sababu nzuri. Lakini jaribu.

Boti linakushusha upande wa magharibi, kisha gari linakukatisha kisiwa kwa muda wa kama robo saa mpaka Kageye, upande wa mashariki. Robo saa hiyo ya msituni ilinitosha kujua kwamba wale wanaokuja kwa mchana mmoja wana sababu ya kurudi wakisema hakuna kitu. Jua likiwa kali mnyama gani atasimama barabarani akusubiri? Nzohe amezama kwenye matete. Kiboko yuko majini, masikio tu. Sokwe yuko juu, mbali, anasikika kama ugomvi wa nyumba ya tatu. Unaona miti, unaona mijusi, unaona saa yako. Saa tisa unaitwa kwenye boti kabla upepo haujaanza kulichapa ziwa. Rubondo ya mchana ni kama nyumba ambayo umeifikia wenyewe wamekwenda shamba.

Mabanda ni mabanda, sitayapamba. Kitanda, chandarua, choo chako, dirisha linalotazama miti na maji. Jiko liko kando. Askari aliyetupokea, mpole na mwenye mzaha, alitupa sheria moja akaisema mara mbili: "Usiku msitoke nje bila taa. Na hata mkiwa na taa, msitoke." Tukasema sawa afande. Tukauliza kuogelea. Akatutazama kama walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza lililoandikwa ubaoni. Mamba.

Jua likazama nyuma yetu. Kwanza walikuja pongo, wawili, kisha wanne, wakala majani hatua chache kutoka tulipokuwa tunamenya mihogo, bila haraka, kama mbuzi wa jirani. Upande wa chini, penye matete, askari akatuonyesha kidole, nasi tukaona kitu cha rangi ya kahawia kikitembea kama kinachoogopa kuchafua viatu. Nzohe. Alibaki pale kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja. Ndege wakanyamaza zamu kwa zamu, vyura wakashika zamu yao. Mwezi ulikuwa haujatoka, na ziwani, mbali nje ya mpaka, taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka moja moja hadi zikawa mji mzima. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri, nyeupe zaidi, lakini kwa mbali ni mji uleule unaoelea.

Sisi vijana wa kalamu tunapenda sana kuliandika ziwa hili, nami nimo. Tunaliandika tukiwa tumekaa Capri Point, jiwe la Bismarck mbele yetu, soda mkononi. Tunaandika machweo. Nimesoma mashairi ya machweo ya Mwanza yanayoweza kujaza kabati. Sijasoma hata moja la saa nane ya usiku. Sababu ni kwamba saa nane ya usiku ziwa ni la wavuvi, askari na viboko, na sisi tuko kitandani Nyakato.

Ilikuwa kama saa nane hiyo hiyo niliposikia majani yanakatwa. Si mlio wa mnyama. Ni sauti ya kazi, krrup, krrup, kama mtu anafyeka kwa panga butu, karibu sana na ukuta. Nikajua ni nini kabla sijafikiri. Nikamgusa mshikaji. Alikuwa amekaa kitako tayari, chandarua kimemfunika kichwa kama bibi harusi. Tukasikiliza. Kiboko akapumua, pumzi nzito ya mzee anayepanda ngazi, akaendelea kula. Krrup. Nilitaka kwenda dirishani na sikwenda. Mshikaji alinyoosha mkono gizani, akaigusa sufuria yetu tuliyokuwa tumeiingiza ndani kwa kuogopa tumbili, akaishika sikio lake. Nikadhani anataka kuipiga. Hakuipiga. Aliishika tu, muda mrefu, mpaka sauti ikateremka kuelekea majini.

Hakusema neno na mimi sikumuuliza. Ila nilijua nimeona kitu ambacho gesti ya Muganza, pamoja na runinga yake, isingenionyesha. Na kambi ya dola? Labda, kiboko hachagui ukuta. Lakini tofauti kati yetu na baba wa yule bibi ilinikaa wazi usiku ule: yeye alikuwa macho ili kiboko aondoke, sisi tumelipa ili aje.

Siku ya pili tulitembea msituni na askari. Rubondo ni moja ya hifadhi chache unazoweza kuzijua kwa miguu, kwa kuwa mnyama mla watu wa nchi kavu hayupo. Alituonyesha viota vya sokwe juu ya miti, vya zamani vyenye majani makavu, na kimoja kibichi. Sokwe hulala katika kiota anachojitengenezea, na kwa kawaida kila jioni hukunja matawi upya, hata kama cha jana kipo. Nilitaka kujua wale wa kwanza, waliotoka vizimbani Ulaya, walijifunzaje. Hakuna aliyewafundisha. Walifunguliwa masanduku wakaachwa. Wakajaribu matunda, wakajaribu matawi, wakajipatia pa kulala juu ya miti ya nchi ambayo hawakuzaliwa. Leo wajukuu na vitukuu vyao wako kisiwani wakiwa sokwe kamili, na wanasayansi wanakuja kuwatazama. Ni habari inayogusa moyo, na sitaki kuiharibu. Mshikaji aliisikiliza yote akiwa na adabu, kisha akauliza mashamba ya watu yalikuwa wapi.

Askari hakushtuka. Alitupeleka mahali ambapo miti ilikuwa myembamba na ya umri mmoja, akasema sehemu kama hizi wazee wa kazi huziita mahame. Hakukuwa na jiwe la jiko, wala mgomba, wala kitu chochote cha kupigia picha. Miti tu iliyoshindana kwenda juu. Kama ni mahali pa bibi au pa mtu mwingine, nani angejua. Mshikaji alisimama pale kama dakika tano. Aliokota jani, akakumbuka kwamba hifadhini hubebi kitu, akaliweka chini pale pale alipoliokota. Tulilala usiku wa pili, asubuhi tukavuka.

Sisemi kisiwa kirudishiwe migomba. Nimekwisha kusema naona faida yake, na nilipolala pale nilifurahi kuliko nilivyopata kufurahi katika safari yoyote. Ila kuna jambo dogo linalowezekana. Mabanda hayajai kila siku. Kama kuna utaratibu wa mtafiti kulala, na wa mwanafunzi kulala, ungekuwepo pia utaratibu wa mzee aliyezaliwa pale kulala, usiku mmoja kwa mwaka, bila kutoa shilingi, jina lake likaandikwa kwenye daftari si katika safu ya wageni. Wako wangapi waliobaki? Ukihesabu kutoka 1965 utaona daftari halitahitaji kurasa nyingi.

Tuliporudi kwa bibi tulimsimulia yote: pongo, taa, kiboko, sufuria, mahame. Pale penye sufuria aliweka mkono mdomoni. Mshikaji akamwambia tena habari ya kwenda, safari hii kwa mpango: mwakani, Julai, kiangazi, ziwa limetulia asubuhi, yeye atalipia kila kitu. Bibi akafikiri muda mrefu. Akasema atakwenda. Lakini atakwenda asubuhi na kurudi jioni, kulala halali. Na anataka kwenda na mdogo wake aliyeko Nkome, na wazee wengine wawili wa hapo hapo kijijini ambao nao walihamishwa.

Kwa hiyo hesabu imerudi kijiweni. Ni safari ya mchana, ileile niliyoisema vibaya hapo juu, na nimeshindwa kupata hoja ya kuipinga. Boti litabeba watu kumi. Wazee wanne, sisi wawili, zimebaki nafasi nne, na mshikaji anazunguka na karatasi akiandikisha watu wa kuchangia, huku akiwaeleza kila mmoja kwamba wanyama hataona wengi.